Nishani Moja, Milango Sita

Walisema sitasimamisha mlango hata mmoja maishani mwangu. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mzee Assani, mfanyabiashara wa chumvi na pembe, ambaye mimi na mama yangu tuliishi katika ua wake pale Kabambare. Alisema mbele ya wageni wake, mimi nikiwa nimeshika birika la kunawia: "Huyu mutoto wa jikoni? Kubeba ubao ataweza. Kuusimamisha, hapana. Mikono yake iko ya kuzoa majivu."

Wageni walicheka sana. Mmoja wao alimwagikiwa na maji, nikapigwa mimi.

Vijana mnaosoma, mnielewe vizuri. Leo diploma yangu iko ukutani, na nishani yangu ya ushujaa iko sandukuni, imefungwa kwa kitambaa cha hariri. Kutoka Kasongo hadi Kabambare hamtaona mlango uliosimama wima kwa miaka mingi ambao sikuutengeneza mimi au mtu niliyemfundisha mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wale waliocheka wengi wao wamekufa kabla sijapata nafasi ya kuwakumbusha.

Mama yangu alikuwa Mbangubangu. Alikamatwa karibu na Lusangi, zamani zile watu walipokuwa wakikamatwa shambani kama kuku, nami nikiwa mgongoni mwake. Kwa Mzee Assani alisonga bugali wa nyumba nzima. Mimi nilizoa majivu. Basi siku moja Mzee Assani aliagiza mlango mpya kwa Fundi Shomari, seremala wa pwani aliyehamia Kasongo na misafara, nami nikatumwa pamoja na wapagazi kuupeleka ubao wa mvule. Fundi Shomari alikuwa amepoteza wanafunzi wake kwa ndui. Aliomba aachiwe mtoto wa kumshikia mbao. Mzee Assani akajibu kwamba anaweza kunichukua, kwa kuwa jikoni nilikuwa navunja vyungu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa hivi. Nilifika kwenye karakana ya Fundi asubuhi, nikaukuta mlango umerudishwa, nikausukuma, nikaingia. Fundi alikuwa ameshika tezo, lile shoka dogo la kuchongea lenye ubapa uliogeuka kama jembe. Hakuinua hata uso.

"Toka," akasema.

"Mimi ndiye Amisi, nimetoka kwa Mzee..."

"Toka, Amisi. Funga. Kisha piga hodi."

Nilitoka, nikafunga, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga ya tatu, na ndani nikamsikia anaendelea kuchonga kana kwamba hakuna mtu duniani. Mama alikuwa amenifundisha, kama kila mtoto wa mjini alivyofundishwa, kwamba hodi ya tatu ikikosa jibu unaondoka, maana mwenye nyumba amekukatalia na huna haki ya kumuuliza kwa nini. Nikageuka kuondoka. Ndipo nikasikia komeo linavutwa.

"Sasa umejua mlango ni nini," Fundi akasema. "Si mbao. Mbao hata kitanda kina mbao. Mlango ni ruhusa ya mtu kusema ndiyo au hapana akiwa ndani ya nyumba yake. Ukimtengenezea mtu mlango usiofunga vizuri, umemnyang'anya maneno hayo mawili. Haya, shika huu ubao."

Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mlango ukishasimamishwa, hakukabidhi kazi kwa kupeana mikono. Alimwambia mwenye nyumba aingie, afunge mwenyewe kwa komeo, kisha yeye Fundi alisimama nje na kupiga hodi. Mwenye nyumba akiitika na kumfungulia, kazi imepokelewa. Akinyamaza mara tatu, kazi imekataliwa, na Fundi huung'oa mlango wake bila ugomvi. Nilimwona aking'oa mmoja tu. Ulikuwa umepinda kidogo upande wa chini, naye aliushukuru ule ukimya.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana siku hizi mnaona bawaba za chuma na kudhani ndizo zilizokuwako tangu zamani. Mlango wetu haukuwa na chuma. Ulikuwa na mbao mbili, dume na jike, zinazokutana kwenye mfaa, ule ubao mwembamba wa katikati. Pembeni ilisimama miimo, nguzo mbili zilizozikwa ukutani, na juu na chini kuna vizingiti. Kila ubao ulikuwa na ncha nene ya mviringo juu na chini, sisi tuliiita kisigino, na kisigino hicho kilizunguka ndani ya tundu la kizingiti. Uzito wote wa mlango uliukalia mti wa chini, ukuta wa udongo haukubeba chochote. Tulilainisha kwa majani ya msasa mpaka kiganja kiteleze. Tulipima kwa uzi wenye mafundo. Kila nyumba ilikuwa na mafundo yake kwenye uzi, na fundi aliyepoteza uzi alikuwa amepoteza nyumba.

Nilikaa kwa Fundi Shomari mpaka ndevu zikaniota. Nilijifunza haraka kuliko mtu yeyote aliyepita katika karakana ile, na aliyesema hivyo ni Fundi mwenyewe, ingawa alisema nilipokuwa nimelala na yeye akidhani sisikii. Lakini alifariki kabla hajaniruhusu kusimamisha mlango peke yangu, na mwaka uliofuata vita ikafika. Majeshi ya Serikali mpya yalipanda kutoka magharibi kupigana na mabwana wa misafara, Kasongo ikachukuliwa, na karakana ikawa ghala la baruti. Mimi nilikamatwa kubeba mizigo.

Mambo ya vita ile yalikuwa mabaya pande zote, na wapo watakaoyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi naeleza kazi. Bunduki nyingi za askari zilikuwa zimevunjika kitako, ile sehemu ya mti unayoegemeza begani. Nilichonga kitako kimoja kwa kisu nikiwa nimekaa juu ya mzigo wangu. Sajini akakiona, akampelekea Kapteni, na kesho yake nikavuliwa mzigo nikavishwa sare. Cheo changu kilikuwa askari fundi. Katika kikosi chetu nilikuwa peke yangu, na si kwa sababu hakukuwa na wengine waliojaribu.

Tulikwenda hadi Kabambare, mji wangu mwenyewe. Mapigano yalikuwa nje ya mji, na wale tuliopigana nao walituzunguka, wakavuka mto Luama ulio kati yetu na Kasongo, wakazamisha mitumbwi yote nyuma yao. Tukabaki mjini na majeruhi wetu ndani ya ghala la chumvi. Wenye majeraha ya nyama Daktari aliweza kuwatibu palepale. Waliovunjika mifupa ilibidi wafike Kasongo, kwenye dawa na vifaa vyake, au wafe.

"Machela ya nguo hayafai," Daktari akamwambia Kapteni. "Yanapinda, mfupa unasagana. Nataka kitu bapa, kigumu. Na nakitaka leo."

"Na mto je?" Kapteni akauliza. "Hakuna mtumbwi."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikirekebisha kitako. Nikasema, "Milango, Kapteni. Itawabeba njiani, na mtoni tutaifunga pamoja juu ya magogo mepesi, itaelea."

Kapteni alinitazama, akamgeukia Sajini. "Chukua watu kumi. Vunjeni milango."

"Kapteni, ukiuvunja utakatika kisigino na ubao utapasuka," nikasema. "Lazima ung'olewe na mtu anayeujua. Niache nikaazime."

Sajini alicheka mpaka akashika magoti. "Askari anaazima!"

"Fundi ndiye anayeazima," nikamjibu.

Kapteni akanyoosha kidole angani. "Jua likifika pale, kama sina milango, Sajini anakwenda na shoka."

Nyumba ya kwanza niliyoikimbilia ilikuwa ya Bi Sifa, mjane aliyeuza mawese, ambaye zamani alikuwa akinipa ukoko wa bugali kupitia ua wa nyuma. Nilipiga hodi.

"Nani?"

"Amisi, mama. Yule wa kwa Mzee Assani."

Alifungua kidogo, akaona sare, akaona bunduki. "Amisi wa majivu? Umekuja kuniua na kitu hicho?"

"Nimekuja kuazima mlango."

"Watu wanaazima kinu. Wanaazima mwiko. Mulango nani anaazima?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Ingia." Ndani, juu ya mkeka, alikuwa amelala mwanawe Ramazani, mwenzangu wa kucheza udogoni, mguu wake umevimba chini ya goti na kugeukia upande usio wake. Alikuwa amepigana na upande ule uliokimbia. Wenzake walishindwa kumbeba.

"Mulango yangu utapata," Bi Sifa akasema. "Mutu wa kwanza kulala juu yake iko huyu."

"Mama, Ramazani ni wa upande wa pili."

"Na mulango iko upande gani?"

Nikainama, nikautazama mguu wa Ramazani.

"Tena sikiliza," akaendelea. "Utaurudisha wewe mwenyewe. Si askari mwingine, wewe. Wasiniletee nguo, wasiniletee shanga. Nguo haifungwi komeo. Nataka mulango."

Nikaweka kiganja changu juu ya mwimo na kuapa. Kisha nikatoa uzi, nikapima, nikafunga mafundo, nikaung'oa mlango wake bila hata kibanzi kutoka. Majirani waliponiona nimebeba mlango wa Bi Sifa huku mwanawe akibebwa nyuma, walifungua wenyewe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alitoa wake, na nyumba nyingine tatu zikafuata, kila mlango nikiufungia mafundo yake kwenye uzi uleule. Wa sita alikuwa Mzee Assani. Hakuwa na huruma na majeruhi wetu, lakini hakuweza kuvumilia kusikia kwamba mjini watu wakubwa wametoa milango na yeye hakuombwa.

"Huo mulango una nakshi za pwani," akaniambia. "Ukikwaruzwa nitakudai mbele ya watu."

Kwenye ghala Sajini alimwona Ramazani akakoki bunduki. "Huyo ni adui."

"Huyo ni sharti la mlango," nikasema. "Kapteni, nilipewa mlango ili yeye awe wa kwanza kuulalia. Akiondolewa, narudisha huu sasa hivi, na mingine mitano nayo itarudi, maana iliufuata huu."

Askari kumwekea mkubwa wake sharti, adhabu yake ilikuwa viboko, au zaidi. Kapteni akamtazama Daktari. Daktari alikuwa ameshapiga magoti kando ya Ramazani.

"Umevunjika mara mbili," Daktari akasema bila kuinua kichwa. "Mlazeni. Nani anafuata?"

Tulifika Luama siku iliyofuata, mchana. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya matope, unabeba miti mizima. Nilifunga milango yote sita pamoja juu ya magogo ya mti ule mwepesi unaoota kwenye mashamba yaliyoachwa, kwa kamba za msituni. Lakini chelezo bila kamba ya kuvutia huchukuliwa na maji, na kamba ilibidi ifungwe ng'ambo, na ng'ambo ndani ya matete kulikuwa na wale waliotukimbia.

Nani atavuka? Askari walitazama viatu vyao. Mimi nilivua vyangu. Nilishika kamba kwa meno nikaingia majini. Nilikuwa katikati walipoanza kupiga, na risasi ziliingia majini pembeni yangu, chubwi, chubwi, kama mtoto anayetupa kokoto. Nilipiga mbizi, nikaibuka, nikapiga mbizi tena. Nilifika, nikafunga kamba kwenye mti, na hilo ndilo tendo lililonipa nishani. Sikumwona mwingine akilifanya.

Lakini nitawaambia jambo ambalo halikusomwa kwenye gwaride. Chelezo kilipoanza kuvutwa mara ya kwanza, risasi ziliongezeka. Ndipo Ramazani, aliyelala mbele kabisa, akainua kichwa na kupaza sauti kumwita mwenzake ndani ya matete.

"Wee Saidi! Acha kupiga! Iko Ramazani huku!"

Sauti ikajibu kutoka kwenye matete: "Ramazani gani?"

"Wa Bi Sifa! Nalala juu ya mulango ya mama! Ukiitoboa utamwambia wewe!"

Kukawa na mabishano ndani ya matete, tukiyasikia. Mmoja alisema ni hila. Mwingine akasema anaujua mlango ule, aliwahi kukaa kizingitini pake akila maandazi. Hawakupiga tena. Hawakutusaidia, lakini hawakupiga, na chelezo kilikwenda na kurudi mpaka jioni ikakaribia.

Safari ya mwisho ilikuwa na majeruhi wawili. Mti mkubwa ulioelea uliikumba milango katikati ya mto, matawi yake yakaishika, na chelezo kizima kikaanza kuinama. Niliruka tena majini. Ilikuwa ama kuikomboa milango kwa kujaribu kusukuma mti, ama kukata kamba zilizoifunga na kuwavuta watu wawili kwa ile kamba kuu. Nilikuwa na kisu mkononi na milango ya watu mbele yangu. Nilikata. Watu tuliwavuta wakafika wakikohoa matope, wazima. Milango ilitawanyika, ikaenda na maji kuelekea Lualaba, na wa mwisho kupotea machoni ulikuwa wa Mzee Assani, nakshi zikitazama juu.

Ng'ambo hakukuwa tena na wa kutupiga. Tukatulia, tukakata mianzi, nikatengeneza vitanda vya kubebea, na kila aliyevuka mto ule akafika Kasongo akiwa hai, pamoja na Ramazani.

Nishani niliivishwa Kasongo mbele ya kikosi. Ni kipande cha fedha chenye uso wa mfalme, kwenye utepe wa buluu. "Panua kifua," Kapteni akaniambia akiwa anaibandika. Nikapanua. Sijakipunguza tangu siku hiyo.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Kabambare moja kwa moja, nishani ikiwaka kifuani. Niliikuta miimo ya nyumba sita imesimama mitupu, mikeka inaning'inia mahali pa milango. Mji mzima ulitoka. Mzee Assani aliishika nishani yangu kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Nzuri," akasema. "Haizibi hata tundu ya panya. Mulango yangu iko wapi?"

Walicheka vilevile kama zamani za birika. Nikawaambia mto uliichukua, na kwamba nitashuka mto kujifunza kwa wazungu, kisha niitengeneze mipya yote. Hapo kicheko kikazidi. Fundi wangu alikuwa amekufa, vifaa vyake vilipotea, na mimi sikuwahi kusimamisha mlango peke yangu. "Huyu atakwenda huko chini na wazungu," Mzee Assani akatangaza, "na mkeka huu nitazikiwa nao."

Bi Sifa hakucheka. Kapteni alikuwa amempelekea gora la nguo kama fidia, naye alilirudisha bila kulifungua. Alikuwa ameketi nyuma ya mkeka wake, akaniambia, "Mimi nasubiri mulango. Enda."

Kapteni alinipa barua ya kunitambulisha, nikashuka mto Lualaba, kwa mitumbwi, kwa miguu kando ya maporomoko, kisha kwa meli ya moshi, mpaka karakana kubwa karibu na bahari. Huko niliona msumeno unaozungushwa na mvuke, unaopasua gogo kabla hujamaliza kusalimiana na mtu. Nilijifunza bawaba, skrubu, gundi ya kuchemsha, na kuchora kazi kwenye karatasi kabla ya kugusa mti. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mkali mwenye masharubu yaliyojaa vumbi la mbao. Siku moja aliuona uzi niliokuwa nimeufunga kiunoni.

"Hiyo ni dawa ya kienyeji?"

"Ni milango, bwana. Sita. Ya watu."

Alinitaka nieleze kila fundo. Nilipomaliza aliondoka, na tangu siku hiyo alinipa kazi ngumu tu, zile ambazo wengine waliziharibu. Nilipopewa diploma, kwa alama zilizowashangaza waliozaliwa karibu na karakana ile, aliniomba nibaki niwe nyapara wa maseremala wote.

"Utakuwa na nyumba ya matofali," akasema.

"Itakuwa na mlango, bwana?"

"Bila shaka itakuwa na mlango."

"Basi kuna watu sita hawana. Nikalale ndani yake vipi?"

Akanipa sanduku la vifaa, randa, patasi, keekee ya kutobolea, na msumeno mpya. Wanafunzi wangu wanalitumia hadi leo.

Nilirudi Kabambare nikiwa fundi mwenye diploma, wa kwanza kuonekana huko. Mafundi wengine waliotumwa Kasongo walikuwa wamefunga bawaba za chuma kwenye kuta za udongo, mvua ikaja, kuta zikalegea, na milango ikawaangukia watu. Mimi sikuanguka katika kosa hilo, kwa kuwa nilijua mambo yote mawili. Mbao nilizipiga randa kama nilivyofundishwa kwenye ile karakana kubwa, na uzito niliuweka kwenye kisigino kama alivyonifundisha Fundi Shomari. Miti ya mvule niliikata mwenyewe, nikaiacha ikauke kivulini mpaka watu wakaanza tena kuuliza kama nimerudi kulala.

Nilianza na Mwalimu wa chuo. Kisha zile nyumba tatu. Kila mmoja alifunga, nilipiga hodi, akafungua. Mzee Assani alitaka wake uwe mkubwa kuliko ule wa zamani, wenye nakshi mara mbili.

"Niliazima mmoja," nikamwambia, nikamwonyesha mafundo yake. "Narudisha kipimo kilekile, na ua lilelile la nakshi pale juu."

Alinung'unika. Alipoona ua lile limerudi, jani kwa jani kama nilivyolikumbuka, alilipapasa kwa kidole kimoja. Alijifungia ndani, nikapiga hodi, na yule mzee aliyesema mikono yangu ni ya majivu akaitika kutoka upande wa pili: "Karibu, Fundi." Nilimwomba arudie, nikijifanya sikusikia. Akarudia.

Bi Sifa alikataa zamu yake mara mbili. "Nilikuwa wa kwanza kutoa, nitakuwa wa mwisho kupokea," alisema. "Nikipokea mapema utatoroka na ya wengine."

Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka kidogo, na wanafunzi wangu ndio wanaoshika randa huku nikiwakaripia kutoka kwenye kiti. Watu huja kuniomba niwaonyeshe nishani, nami huwaonyesha kwa furaha, kwa nini nisifanye hivyo? Lakini vijana wanaponiuliza ni kazi gani kubwa kuliko zote, hudhani nitasema mto. Kuvuka mto kulichukua mchana mmoja, na hofu ilinisukuma. Kurudisha kulichukua miaka, na hakuna aliyenisukuma ila uzi kiunoni. Nchi hii imevunjiwa milango mingi. Naona inaweza kusimamishwa tena, mmoja mmoja, na watu wenye kipimo sahihi. Sitaki kusikia kwamba haiwezekani. Hayo niliambiwa nikiwa na birika mkononi.

Basi nimalizie na siku ile. Ilikuwa asubuhi ya soko, na njia mbele ya nyumba ya Bi Sifa ilijaa watu waliojifanya wanapita. Ramazani, mwenye mguu uliopona ukiwa mfupi kidogo, ndiye aliyenishikia mbao tangu nilipoanza kuzichonga. Tuliinua ubao dume, kisigino kikaingia tunduni. Tukainua jike. Mfaa ukakaa mahali pake. Niliusukuma kwa kidole kimoja, ukaenda bila sauti, ukarudi bila sauti. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na Mkuu wa Karakana angekuwapo angevua kofia.

Bi Sifa alitoka na kutazama mkeka wake wa zamani uliokuwa chini. Aliukunja, akaingia nao ndani. Mbao mbili zikakutana. Komeo likasikika.

Nikapangusa mikono. "Hodi!"

Kimya. Watu wa njiani wakaacha kujifanya.

"Hodi, mama!"

Kimya. Ramazani alinitazama, na kicheko kilichokuwa usoni mwake kikapungua. Sote tulijua. Ya tatu ikikosa jibu, ningeung'oa mlango ule mbele ya Kabambare nzima, na nisingekuwa na haki ya kumuuliza kwa nini. Alikuwa na sababu zake kama angetaka kuzitumia. Miaka yote ile mvua ilimnyeshea ndani, mbuzi waliingia, na kila mpita njia alimwona akila.

"Hodi," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia.

Kimya tena. Kisha, kutoka nyuma ya mvule wangu, karibu sana: "Nani?"

"Ni Amisi."

"Amisi iko wengi. Amisi gani?"

Nilikuwa na majibu mazuri. Nilikuwa nimevaa nishani kifuani, na diploma nilikuwa nimeibeba ndani ya joho ili watu waione baadaye. Nikayaacha yote.

"Amisi uliyemwazima mlango."

Komeo likavutwa polepole, kwa mkono wa mtu anayefurahia sauti yake, na Bi Sifa akafungua mbao zote mbili, dume na jike, mpaka ukutani.

"Karibu," akasema. "Mulango imefika."